Si Lazima Sindano ya Insulini Iume

Wapo wengi wanaotumia insulini ambao wameshakubali moyoni kwamba maumivu ya sindano ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Asubuhi mtu anakunja uso, anafumba macho, anachoma, basi, siku inaendelea. Wengine hawafiki hata huko. Sindano ya jioni inarukwa kwa kuwa ya asubuhi bado inauma, au mtoto amelia mno hadi mama amekosa moyo wa kumshika. Siku ya kliniki sukari inaonekana imepanda, dozi inaongezwa, na katika haraka ya foleni hakuna aliyeuliza sindano hiyo huchomwa vipi na wapi.

Ninachotaka kusema ni hiki: sindano ya insulini ikichomwa inavyotakiwa huuma kidogo sana, na mara nyingi haisikiki. Ikiwa yako inauma kila siku, kuna jambo halijakaa sawa, na jambo hilo karibu kila mara hurekebishika ukiwa nyumbani kwako. Na ikiwa unapo mahali unapopapenda kwa sababu hapaumi kabisa, hapo ndipo pa kutiliwa shaka kuliko pote. Nitafika huko.

Tuanze na mahali insulini inapotakiwa kwenda. Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta, na chini ya mafuta kuna msuli. Insulini inatakiwa ikae kwenye mafuta. Ikiishia ndani ya ngozi yenyewe, hapo pataunguza na dawa itavuja nje. Ikifika kwenye msuli inauma, na ubaya zaidi, inaingia kwenye damu kwa kasi hadi sukari inaweza kushuka ghafla. Watu wanene hudhani wanahitaji sindano ndefu ili dawa ifike. Hapana. Ngozi ya mtu mzima ina unene wa milimita 2 hivi, awe mnene au mwembamba. Kinachotofautiana ni mafuta yaliyo chini yake. Ndiyo maana wataalamu 183 kutoka nchi 54, waliokutana Roma Oktoba 2015 kujadili namna ya kuchoma insulini, waliiweka mbele sindano ya kalamu yenye urefu wa milimita 4 kwa watu wazima na watoto. Inaingizwa wima, na kwa watu wengi hata kubana ngozi hakuhitajiki.

Lakini huku kwetu wengi hawatumii kalamu. Wanatumia kichupa na bomba, na sindano za mabomba ni ndefu zaidi: milimita 6, 8, hata 12.7. Ukiwa na nafasi ya kuchagua pale duka la dawa, omba yenye sindano fupi kuliko zote walizonazo, na usome namba inayoandikwa pamoja na herufi G. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, kwa hiyo ya 31G itakuuma kidogo kuliko ya 29G. Soma pia kama bomba limeandikwa U-100, sawasawa na kichupa chako. Hili si la maumivu, ni la uhai. Insulini ya U-100 ina yuniti 100 katika kila mililita. Ukiivuta kwa bomba la U-40 ukafuata mistari yake, utajichoma mara mbili na nusu ya dozi uliyoandikiwa. Na bomba la kawaida la mililita 2 au 5, lile la sindano za hospitali, lisiguse insulini kamwe.

Kwa bomba, kubana ngozi ni lazima, na hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Utaona mtu anakamata nyama ya tumbo kwa kiganja kizima, anaikamua hadi inamuuma yeye mwenyewe kabla hata sindano haijagusa. Akishika hivyo anainua na msuli pamoja na mafuta, kisha anauchoma. Tumia kidole gumba na cha shahada tu, uinue ngozi na mafuta yake kwa utulivu. Ikianza kuuma, umebana mno. Sindano iingie ukiwa umebana, dawa iingie ukiwa umebana, sindano itoke, ndipo uachie. Mtu mwembamba mwenye sindano ndefu ailaze kidogo badala ya kuisimamisha wima.

Sasa tendo lenyewe. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Mahali pa kuchoma pakiwa safi, spiriti si lazima. Ukiipaka, isubiri ikauke yenyewe. Watu wengi wanaolalamika kwamba insulini inaunguza, kinachowaunguza ni spiriti mbichi inayoingia pamoja na sindano. Epuka kuchoma penye shina la unywele, kwa kuwa hapo pana hisia kali. Kaa, ulegeze mguu au tumbo unalolichoma. Kisha ingiza sindano kwa mkupuo mmoja, bila kusitasita. Anayesogeza sindano taratibu kwa huruma huyachana maumivu vipande vipande, akayasikia yote. Sukuma dawa polepole, uhesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa, na uchomoe kwa mwelekeo uleule ulioingilia. Usisugue. Tone la damu likitoka, bonyeza kidogo kwa pamba; halina madhara, wala halimaanishi kwamba dozi imepotea.

Wenye kalamu waongeze mambo mawili: kila mara wafyatue yuniti 2 hewani kwanza ili waone tone kwenye ncha, na hiyo hesabu ya kumi wasiikate. Wenye kichupa waingize hewa ndani yake kwa kiasi kilekile cha dozi kabla ya kuvuta. Viputo vya hewa kwenye bomba haviui, licha ya maneno ya mitaani. Ubaya wake ni kwamba vinakula nafasi ya dawa. Gonga bomba kwa kucha, virudi juu, uvisukume vitoke.

Ile insulini yenye rangi ya maziwa inahitaji subira zaidi. Dawa yake hutulia chini ya kichupa. Ukiivuta bila kuichanganya, leo unapata maji, kesho unapata dawa nzito, na wewe mwenyewe hutajua kwa nini sukari inaruka. Izungushe kati ya viganja mara kumi, uipindue juu chini mara kumi, hadi iwe nyeupe pande zote. Usiitikise kwa nguvu, itafanya povu. Kama umeandikiwa kuchanganya ya maji na ya maziwa katika bomba moja, vuta ya maji kwanza.

Kuna sababu nyingine ya maumivu ambayo ni nyepesi mno kuiondoa hata inasikitisha kuona watu wakiteseka nayo: baridi. Insulini iliyotoka kwenye friji sasa hivi inauma. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Kikigandishwa hata mara moja, kimekufa, kitupe. Lakini kile unachokitumia kinaweza kukaa nje, mahali pa kivuli pasipozidi nyuzi 30, kwa muda wa wiki nne hivi. Soma karatasi ya ndani ya boksi, kila aina ina kipimo chake. Bandika plasta kwenye kichupa, uandike tarehe uliyokifungua. Kama ni lazima kikae kwenye friji, kitoe nusu saa kabla.

Hapo nasikia swali la msomaji wa Tabora, Lodwar au Mombasa mwezi wa pili: na sisi wenye joto, na wasio na friji je? Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilichukua swali hilo hadi kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Walipima joto la ndani ya nyumba za watu, wakaliiga maabara, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini hiyo ilibaki na nguvu karibu sawa na iliyokaa friji. Hiyo si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya gari au kwenye mfuko unaopigwa jua. Ni faraja kwa mama asiye na umeme ambaye ameweka kichupa ndani ya mfuko mkavu, akakitia kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, na mchanga wenye maji katikati yake. Anafanya jambo la maana kabisa.

Ama kutumia sindano moja mara nyingi. Kanuni inasema sindano moja, mara moja. Najua pia hali ilivyo: mabomba yana bei, na mtu anayechoma mara nne kwa siku hawezi kununua mabomba mia na zaidi kila mwezi. Kwa hiyo nitasema yote mawili. Ncha ya sindano ni nyembamba mno, na ina utando wa silikoni unaoifanya iteleze. Kila ikitumika, utando unapungua na ncha inaweza kupinda, nayo huanza kukwaruza ngozi badala ya kuipenya. Sindano inayokuuma leo kuliko jana, na ni ileile, imekwisha, itupe. Ukilazimika kuirudia, ifunike kwa kifuniko chake papo hapo, usiipanguse kwa spiriti kwa sababu unauondoa ule utando, wala usiichovye kwenye maji. Na isitumiwe na mtu mwingine, hata awe mume, mke au mtoto wako. Katika kubana matumizi ya nyumbani, bomba liwe la mwisho kubanwa.

Nimefika penye jambo lililonifanya niandike.

Katika kliniki moja ya Dar es Salaam niliketi karibu na nesi aliyekuwa akiwaona wagonjwa wa kisukari mmoja mmoja. Akaingia mama wa makamo, daftari lake limejaa namba za juu na za chini, hakuna mbili zinazofanana. Nesi hakusema kitu kuhusu namba. Alimwomba alale, ainue blauzi, akajipaka mafuta kidogo kwenye vidole, akavipitisha polepole kutoka ubavuni kuja katikati. Kushoto kwa kitovu vidole vikapanda juu. Palikuwa na uvimbe laini, mkubwa kuliko nusu ya ndimu, ambao mimi niliyekuwa hatua mbili sikuuona mpaka mwanga wa dirishani ulipoupiga kwa upande.

"Mama, huwa unachoma wapi?"

"Hapo hapo, mwanangu. Hapo pameshazoea, hapaumi."

"Na upande huu wa kulia?"

"Huko kunauma. Nilijaribu nikaacha."

Nesi akaushika mkono wa yule mama, akauweka upande wa kulia, kisha akauhamishia kushoto. Mama akabonyeza, akarudia tena. "Nami nilidhani ni unene tu," akasema.

Insulini hukuza mafuta. Ukiichoma mahali pamoja siku baada ya siku, mafuta ya hapo yanavimba, na hisia za pale zinafifia. Ndiyo sababu hapaumi, na ndiyo sababu mtu hupapenda. Lakini dawa iliyoingia kwenye uvimbe huo haitoki kwa mpango. Leo inakaa humo saa nyingi na sukari inapanda baada ya chakula. Kesho inamwagika usiku wa manane, mtu anaamka kalowa jasho, anatetemeka. Daktari akiona sukari iko juu huongeza yuniti. Mgonjwa anatumia dawa nyingi zaidi, anaumia kifedha, na sukari haitulii. Katika mambo yote ninayoyajua kuhusu insulini hapa nyumbani, hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu kulitambua kunahitaji vidole tu.

Ukiwa nyumbani, jikague mwenyewe. Simama mbele ya kioo kwa upande, mwanga ukitokea dirishani. Kisha lala, paka mafuta au sabuni, pitisha vidole sehemu zote unazochoma. Unatafuta pagumu kuliko pengine, au palipoinuka, au panapoteleza kama mpira. Ukipapata, pazungushie alama kwa kalamu ya wino na usipachome tena kwa miezi kadhaa. Mara nyingi uvimbe huu hupungua wenyewe ukiachwa.

Ila tahadhari, na naomba hapa usome mara mbili. Ukihama kutoka kwenye uvimbe kwenda kwenye ngozi nzima, dozi ileile itafanya kazi yote kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na sukari inaweza kushuka vibaya. Zungumza na daktari au nesi wako kabla ya kuhama, kwa kuwa mara nyingi dozi hupunguzwa. Siku hizo pima sukari mara nyingi zaidi, na uwe na juisi au sukari karibu, hasa usiku. Jasho la ghafla, mtetemeko, njaa isiyo ya kawaida na kuchanganyikiwa ndizo dalili. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Kuhamisha mahali pa kuchoma kunahitaji utaratibu, maana anayesema "huwa nabadilisha badilisha tu" mara nyingi anazunguka eneo lisilozidi kiganja. Ligawe tumbo mafungu manne kwa mstari wa kwenda chini na wa kwenda pembeni, yote ikipita kwenye kitovu. Wiki hii tumia fungu moja, wiki ijayo lifuatalo, kwa mzunguko wa saa. Ndani ya fungu, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Acha vidole viwili kuzunguka kitovu. Mapaja, upande wa mbele na wa nje, na matako, upande wa juu wa nje, yagawe mafungu mawili mawili. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, pia panafaa, ila si rahisi kujibana ngozi kwa mkono mmoja. Mwombe mtu wa nyumbani akusaidie.

Usiruke ovyo kutoka tumboni asubuhi ya leo hadi pajani asubuhi ya kesho. Insulini ya kawaida ya maji huingia kwenye damu haraka zaidi kutoka tumboni, na taratibu kutoka pajani na matakoni. Chagua, kwa mfano, asubuhi tumbo, usiku paja, na ushike hivyo. Anayekwenda kulima, kuendesha baiskeli au kutembea mwendo mrefu asichome paja kabla ya kazi hiyo, maana misuli ikichemka dawa huingia upesi.

Mama mjamzito huuliza kwa hofu kama sindano ya tumboni itamgusa mtoto. Haitamgusa. Katika miezi ya mwisho achome ubavuni, abane ngozi, au atumie paja. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wanaona sindano ya insulini haifunguzi. Linalohitaji mashauri ni dozi ya futari na ya daku, na mashauri hayo yafanyike wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, si usiku wa kuamkia.

Kwa watoto, nitawaambia wazazi jambo moja. Usimwambie mtoto "haiumi" halafu ikamuuma. Mwambie atasikia kidogo, ni haraka, na mpe kitu cha kuamua: leo paja la kushoto au la kulia? Hadi hapo mkono wako uwe tayari, kwa maana kumwonyesha bomba kwa dakika kumi huku unambembeleza ndiko kunakomtesha. Asiyestahimili kabisa, mgusishe kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa pale pa kuchomwa, kwa muda mfupi, kisha upakaushe. Na mtoto aliyeanza kuweza, mwache ajichome ukimtazama. Endelea kumtazama hata akiwa kidato cha pili.

Ikiwa umefanya yote haya na bado inauma, yapo mengine ya kumweleza daktari. Insulini ya glajini ina asili ya tindikali na huwawasha baadhi ya watu. Dozi kubwa, ya yuniti 50 hivi na kuendelea, inaweza kuuma kwa wingi wake, na daktari anaweza kukuruhusu uigawe sehemu mbili. Mahali palipo pekundu, pa moto, panapotoa usaha, pasisubiri siku ya kliniki; nenda hospitali.

Sindano zilizotumika zitie kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, liandike, lifiche watoto wasilifikie, na likijaa lipeleke kituo cha afya wanakochoma taka zao. Ukizitupa jalalani utamchoma mzoa taka ambaye hana kosa lolote.

Siku yako ya kliniki ijayo, usiishie kwenye daftari la namba. Nenda na bomba lako au kalamu yako, na ukifika kwa nesi umwambie hivi: "Naomba unitazame ninavyochoma, kisha unikague ninapochoma." Foleni ikiwa ndefu, omba hata hivyo, ni kazi ya dakika chache, na unayo haki ya kuipata angalau mara moja kwa mwaka. Nanyi manesi na madaktari mnaosoma hapa, kabla hamjaongeza dozi ya mtu ambaye sukari yake haitulii, mgusisheni vidole kwanza.